Kuku Waliokufa kwa Kideri

Niliungua mguu wa kulia kwa mafuta ya mawese. Nilikuwa nakaanga mihogo, sufuria ikateleza jikoni, na mafuta yakanimwagikia kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Daktari wa wodi, Lusajo, alinieleza hali bila kuipamba. Bingwa wa kupandikiza ngozi huja Kasulu mara chache kwa mwaka, akitokea Kibondo, na huchagua vidonda vilivyo tayari tu: vyekundu, safi, vilivyojaa nyama mpya. Kidonda kisipokuwa hivyo, ngozi haishiki. Na changu kikiachwa kijifunge chenyewe, kovu lingevuta kifundo na nisingekanyaga sawasawa tena.

"Dawa ni nusu ya kazi, mwalimu," alisema. "Nusu nyingine ni sahani. Mwili unavuja protini kupitia hicho kidonda. Mayai, maharage, dagaa, maziwa, matunda. Ugali wa muhogo peke yake haujengi nyama."

Mimi nafundisha baiolojia, kwa hiyo hakuniambia jipya. Mume wangu, Tharsisi, ni afisa mifugo. Naye hakuambiwa jipya. Aliitikia kwa kichwa. Chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani, na nyumbani alikuwapo mama yake, aliyekuja kutoka Nyakitonto kutupikia. Kulikuwa pia na kuku wangu wa kienyeji, wakati huo wakitaga vizuri. Sikuona tatizo.

Siku chache baadaye Tharsisi aliketi kando ya kitanda changu akitazama sakafu.

"Kuku wameisha, Ghati. Kideri."

"Wote?"

"Wote. Chanjo ilichelewa kufika. Nimewazika mwenyewe nyuma ya choo."

Kideri huweza kumaliza banda zima kwa muda mfupi; hilo ni kweli. Na aliyesema ndiye anayechanja kuku wa kata nzima. Nilimpa pole.

Kuanzia hapo aliniletea supu kwenye chupa ya chai. Nyama ilibaki nyumbani. "Nguvu yote iko kwenye supu," alisema. Maharage nayo yalifika yakiwa mchuzi mtupu. Mama yake alikuwa ameyachuja, eti nisijae gesi. Dagaa, kwa maelezo yake, hawakuonekana sokoni. Nilimweleza kwamba supu ni maji na chumvi, na kwamba protini hubaki kwenye nyama. Alisema kesho ataleta nyama. Kesho aliniletea supu.

Bingwa alipofika, alifungua bandeji, akatazama, akabonyeza ukingo kwa kidole chenye glavu.

"Kimepauka. Bado," alisema, akaenda kitanda kinachofuata.

Lusajo alibaki. "Sielewi. Mumeo ananiambia unakula mayai kila siku."

"Hatuna kuku, daktari. Walikufa."

Alinitazama kidogo, akafunga bandeji. Mimi nilimtetea Tharsisi moyoni: huenda aliona aibu kukiri kwamba kuku wa afisa mifugo wamekufa bila chanjo. Maelezo hayo yalinitosha mpaka Zuhra alipokuja kunitazama. Zuhra ni jirani yetu. Mumewe ana duka la vitenge karibu na soko.

"Mwalimu, pona upesi nikushtaki serikali ya mtaa," alisema kabla hajaketi. "Kuku wako wamenimalizia mchicha."

"Kuku gani?"

"Unao wengine? Yule mwekundu asiye na mkia ndiye kiongozi wa maandamano. Na mwenye kishungi ameangua, anapita na vifaranga uani kwangu kama mwalimu wa zamu."

Sikucheka. Naye akaacha kucheka.

"Zuhra, nimeambiwa walikufa."

"Na nani?"

"Tharsisi."

Alivuta ncha ya mtandio wake. "Mama mkwe wako aliniambia pale uani kwamba mwenye kidonda halishwi mayai wala nyama, kidonda kinatunga usaha. Nikajua mmekubaliana. Nikasema haya, ni mambo ya kwao."

Mama mkwe simlaumu sana. Alisema anachokiamini, na alikisema wazi mbele ya jirani. Tharsisi hakukiamini. Amesomea miili ya wanyama, na huagiza ng'ombe mwenye jeraha alishwe vizuri. Aliona ni rahisi kunidanganya mimi kuliko kumkatalia mama yake, kisha akatafuta uongo katika fani yake, mahali ambapo alijua sitamhoji. Mayai ambayo yangenijenga mguu yalikuwa yameanguliwa.

"Zuhra, una banda?"

"Ninalo."

"Leo wakiingia kulala, nenda uwachukue. Wachukue wazi, mama mkwe akiona. Mwambie mwenye kuku amekutuma."

"Na mumeo akiniuliza?"

"Hatakuuliza."

Hakumuuliza. Alikuja kesho yake na chupa ya supu, akaketi. Nilikuwa namenya yai la kuchemsha. Kando yangu kulikuwa na bakuli la maharage, yenyewe, hayakuchujwa, na kipande cha papai.

"Kuna tatizo nyumbani?" nilimuuliza.

Alitazama yai. "Hapana."

"Vizuri."

Zuhra hakukosa siku. Mayai, maharage, dagaa waliopikwa kwa karanga. Dagaa walikuwa wamejaa sokoni tangu mwanzo. "Kula, mwalimu, mchicha wangu unakurudia kwa njia ya yai," alikuwa akisema. Kidonda kilianza kubadilika polepole, kwanza kingoni. Wekundu ulisogea katikati. Usaha ambao mama mkwe aliuogopa haukuja. Bingwa aliporudi alibonyeza palepale, akamwambia Lusajo, "Huyu nampandikiza." Ngozi ilishika.

Siku ya kuruhusiwa, Tharsisi alifika mapema, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikusanya vitu vyangu, akafunga mfuko, akaufungua, akaufunga tena.

"Ghati, wale kuku..."

"Walikufa kwa kideri," nilimwambia. "Uliwazika mwenyewe, nyuma ya choo."

Alisimama akiwa ameshika mfuko. Nilishuka kitandani, nikaweka mguu wa kulia sakafuni, nikakanyaga. Kisigino kilifika chini. Nilitembea mpaka mlangoni bila kumshika.

"Mfuko upeleke nyumbani," nilisema. "Mimi naanzia kwa Zuhra. Nina mifugo yangu kule."