Kugonga Mara Tatu

Mwaka ule wa njaa, themanini na nne, Zipora alipanda mtumbwi mmoja na mkwewe, jambo ambalo mama yake angelisikia angefufuka ili afe tena kwa aibu. Kwao mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani hata kama kuna nyoka. Sasa kaa kwenye mtumbwi wa hatua tano, katikati ya bwawa, uone utaingia kichaka gani.

Lakini Justa, binti yake, alikuwa na kichanga cha siku tisa na matiti makavu. Ng'ombe walikwisha kufa, mbuzi wakafuata. Unga wa njano wa msaada ulijaza tumbo la Justa bila kufika kifuani. Bhoke, mkunga, alilibonyeza titi akatikisa kichwa.

"Mchuzi wa samaki, leo na kila siku mpaka maziwa yashuke," alisema. "Mkichelewa msiniite mimi, mwiteni mwenye jembe."

Mtoto alikuwa ameacha kulia kama watoto wengine. Alilia kama mlango mkavu.

Samaki walikuwepo bwawani Mwashilindi, kwenye kina, pale migunga ilipobaki imesimama ndani ya maji tangu bwawa lilipochimbwa bila mtu kuona haja ya kuikata. Wavu ukitupwa pale hurudi nusu. Pale ni mshipi tu, ushushwe wima katikati ya matawi, halafu mkono uinue, ushushe, uinue, ushushe, chambo cha bati kichezecheze huko chini kama kisamaki kilicholewa. Kazi hiyo Zipora alifundishwa na marehemu mumewe, Mzinza wa ziwani, ambaye mtumbwi ulikuwa wake. Macho ya Zipora yaliishia darasa la nne, lakini vidole vilisoma mpaka mwisho. Sato hudonoa. Kambare huburuta. Mti hunyamaza.

Chambo kilikuwa kimoja tu duniani: kijiko cha chai alichopewa na Lataben, mke wa mwenye duka wa Maganzo, kikakatwa mpini, kikatobolewa, kikafungwa ndoana na donge la risasi la betri ya gari. Mwaka ule hata ndoana ilitafutwa kama dawa.

Mtumbwi ulivuja. Ngassa, mume wa Justa, alikaa nyuma akipiga kasia na kukumba maji, Zipora akakaa mbele na mshipi. Walipeana migongo. Na kwa kuwa hawakuweza kusemezana uso kwa uso, walilituma kopo la kukumbia maji.

"Kopo," alisema Ngassa, ambaye mama mkwe alimwita mayu, yaani mama, "mwambie mayu maji yamefika kwenye vifundo vya miguu."

"Kopo, mwambie huyo bwana vifundo vyangu vimekauka. Akumbe vyake."

"Kopo, mwambie nimecheka."

"Kopo, nani kamruhusu?"

Miaka mitatu ya ndoa, na Zipora alichokijua kwa huyu kijana ni sauti, visigino vilivyopasuka, na kikohozi alichorudi nacho kutoka kwenye mashimo ya almasi Maganzo. Akimwazia uso, alimpa wa mtu mwingine yeyote, leo huyu kesho yule.

Asubuhi na mapema kijiko kilinasa kwenye mti. Ngassa alijua kupiga mbizi. Maganzo alizoea kuzamia ndoo kwenye mashimo yaliyojaa maji. Shida ilikuwa kaptula. Alikuwa nayo moja, na kuiloweka ni kurudi kwa mkewe akitetemeka kwa kikohozi.

"Kopo, mwambie mayu nitagonga mtumbwi mara tatu. Ajifunike uso. Nikirudi, nikishavaa, nitagonga tatu tena."

"Kopo, mwambie mimi nimezaa watoto sita, hakuna atakachonionyesha kipya."

Lakini akajifunika. Ko, ko, ko. Kanga usoni, mshipi mkononi, akasikia maji yakipasuka, mtumbwi ukayumba, mshipi ukalegea. Punde pumzi nyuma yake, kitambaa kikivutwa juu ya ngozi mbichi, na ko, ko, ko. Akajifunua. Ikaenda vizuri hivyo.

Baadaye wakaja kambare wawili, mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima. Walilala tumboni mwa mtumbwi wakitikisa sharubu.

"Kopo, mwambie mayu wawili wanatosha leo. Kifua kinanibana."

"Kopo, mwambie Bhoke alisema kila siku. Mmoja zaidi, twende."

Akashusha. Akainua, akashusha. Mti ukanyamaza tena, kijiko kimenasa.

"Kopo, mwambie akate mshipi," alisema Ngassa. Sauti ilikuwa imechoka.

"Nikate? Kesho tutavua kwa nini, kwa ulimi?" Safari hii Zipora alisahau hata kulituma kopo. "Kijiko ndicho hiki hiki!"

Halafu ko, ko, ko.

Akajifunika. Maji yakapasuka, mtumbwi ukayumba. Zipora akakaa gizani mwa kanga yake, nailoni imepita kwenye kidole cha shahada, akangoja mshipi ulegee.

Haukulegea. Ulitikisika. Si kama sato, si kama kambare. Ulivutwa chini kwa nguvu, ukaachiwa, ukavutwa tena haraka haraka.

"Kopo," alisema Zipora ndani ya kanga, "mwambie huyo bwana ni kunasua, si kupiga zeze."

Mshipi ukatikisika kidogo tena. Kisha ukakaza, ukatulia.

Akangoja kugonga. Alifikiri: anavaa. Alifikiri: ameona aibu, kaptula imeanguka majini, anajishika pembeni hajui aseme nini. Mkono ukataka kuinua pindo la kanga, akauzuia. Akahesabu mpaka mia, alivyofundishwa na mwalimu wa darasa la pili, na kwa kuwa mia ilifika bila kitu, akahesabu tena.

"Kopo, mwambie agonge," alisema. Halafu kwa sauti kubwa, "We Ngassa!" Jina la mkwe, ambalo hajawahi kulitia mdomoni.

Akaitupa kanga.

Kaptula ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kasia. Kopo lilikuwa kando yake. Maji hayakuwa na mtu.

Alivuta mshipi mpaka ukamkata kidole. Tawi lililooza likavunjika huko chini, vikaja pamoja: tawi, kijiko, na Ngassa, nailoni imemzunguka kifundo cha mguu. Mwanamke mmoja hawezi kumpandisha mtu mzima mtumbwini. Alimfunga ubavuni mwa mtumbwi kwa mshipi ule ule, akamfunika kiunoni kwa kanga, akapiga kasia huku anamtazama, kwani hapakuwa tena na pa kutazama kwingine. Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Alikuwa na mkunjo katikati ya nyusi. Kumbe mtoto ule mkunjo aliutoa huku. Siku tisa Zipora alikuwa akiutafuta kwenye ukoo wake.

Ufukweni watu walikuwa wamekusanyika. Maganga, mzee wa ukoo wa Ngassa, alishuka mpaka kwenye tope, akamwona mama mkwe kichwa wazi na kanga ilipo. Akauliza lile ambalo desturi humlazimu kuuliza.

"Zipora. Umemwona?"

"Nimemwona. Nitoze mbuzi wa faini, Mzee Maganga. Ukimpata mbuzi aliye hai, mchukue."

Hakuna aliyecheka, naye hakuwa amekusudia wacheke.

Kambare walikuwa bado hai. Samaki huyo hana haraka ya kufa. Zipora aliwapasua mwenyewe, akawachemsha kwa chumvi tu, akaingiza bakuli ndani, ambako Justa alikwisha kulia mpaka sauti ikaisha. Nje wanaume walikuwa wanachimba.

"Alikuita?" Justa aliuliza. "Mama, hakukuita?"

Zipora aliangalia kidole chake cha shahada. Kilikuwa kimekatwa mstari mmoja mwembamba.

"Aliita," alisema. "Kwa mshipi. Nikamtania."

Justa aligeukia ukutani. Mtoto akalia ule mlio wake wa mlango. Zipora akasogeza bakuli, akakaa na mikono ikiwa imelishika, mchuzi ukipoa, mpaka mkono wa binti yake ukatoka nyuma ya mgongo bila yeye kugeuka, ukalipokea.