Uso wa Phathiswa na Moto wa Matanga

Mashavu ya Phathiswa yalikuwa na mashimo ambayo, ukimsikiliza wifi yake Nolusapho, ungeyamwagia mtama kuku wakadonoa mpaka jioni na zikabaki punje za kupanda. Chunusi za usichana ziliyachimba, zikahama bila kuyafukia. Miaka kumi na minane hakupigwa picha bila kiganja shavuni.

Kwa mila alikwisha kuwa mke wa Mncedi, ng'ombe wa mahari walishafika kwao. Ilibaki arusi ya kanisani, Desemba, na humo Phathiswa alitaka kitu kimoja tu: picha moja, mikono chini.

Kwa hiyo mwaka mzima alikwenda kwa Daktari Mabandla, pale mjini eMonti. Daktari alipitisha usoni kalamu yenye sindano kumi na mbili, ikilia kama nyuki aliyevunjiwa heshima. Kila mara uso ulivimba kama boga, kisha ukanywea, na mashimo yakapanda kwa unene wa unywele mmoja. Baada ya mara ya tano Mncedi alimtazama mezani, akamuuliza kama amepunguza chumvi.

Mara ya mwisho daktari alimpaka tindikali ya kumenya ngozi.

"Utabambuka kama kitunguu," alisema. "Wiki mbili jua hapana, moto hapana, mvuke wa sufuria hapana. Wala usipake kitu nisichokupa mimi. Ngozi mpya ya mtu mweusi ikiguswa na joto hununa, ikawa nyeusi tii. Na haijui kusamehe."

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mavyaa, MamTolo, kutoka kijijini Cofimvaba. Baba mkubwa wa Mncedi amefariki, mazishi Jumamosi.

"Alhamisi uwe hapa, mkamwana. Vyungu vinakungoja."

"Mwambie unaumwa," Mncedi alisema.

"Naumwa nini, uso?"

"Sema tumbo."

"Tumbo la mke mpya, Mncedi? Watashona nepi kabla hawajachimba kaburi."

Ukweli nao hausemeki. Kule mwanamke anayebambuka uso anajichubua, basi, na Nolusapho angelitangaza jambo hilo kabla ya jina la marehemu.

Alhamisi akashuka Cofimvaba, kitambaa kimefika kwenye nyusi, shali mabegani. Nolusapho alimpokea mlangoni.

"Kumbe wifi unajichubua."

"Jua la mjini tu, wifi."

"La mjini linachubua? La kwetu basi litakupika."

Moto wa matanga ni wa wake za watoto wa kiume. Mabinti wa nyumba hukata kabichi kivulini, na mwaka huo mke alikuwa mmoja tu. Vyungu vya miguu mitatu vilikuwa vinne, kila kimoja kingemmeza mchungaji na farasi wake. Phathiswa aliinama juu ya mahindi na maharage, juu ya nyama, juu ya maji ya chai. Dawa ya kukinga jua aliyopewa na daktari ilitiririka na jasho mpaka kidevuni, ikadondoka majivuni. Ngozi changa ikaanza kuwaka.

Saa sita MamTolo alimjia na kopo la udongo mwekundu.

"Paka, mwanangu. Sisi sote tulipikia moto huu na udongo huu, na jua halikutugusa."

Phathiswa alilitazama kopo. Usipake kitu nisichokupa mimi.

"Ahsante, mama. Nitapika hivi hivi."

"Unauonea haya udongo wetu?"

Phathiswa akainamia chungu. MamTolo aliliacha kopo juu ya jiwe, akaondoka. Lilikaa hapo siku zote tatu, hatua mbili kutoka mkononi mwake.

Aliporudi eMonti, kila shimo lililokuwa limepanda lilikuwa limevaa doa jeusi. Daktari aliuinua uso wake kwenye taa, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto.

"Ulipika."

"Msiba, daktari."

"Na wamama wa Cofimvaba siku hizi hawapaki udongo?"

"Nilipewa. Ulisema nisipake kitu."

Daktari alikaa. Yeye mwenyewe alizaliwa Engcobo, jirani na Cofimvaba, na mama yake alilima na udongo ule usoni maisha yake yote.

"Nilisema," alijibu. "Udongo ule ungekufaa kuliko chupa yangu."

"Tuanze tena?"

"Sindano zitauchokoza weusi. Tungoje kwanza ufifie, miaka mitatu, labda minne. Na hata hapo siahidi."

Desemba, mlangoni pa kanisa, MamTolo alimshika kidevu, akafurahi. "Uso huu sasa ni wa mtu aliyetupikia."

Mpiga picha alimwomba bibi arusi ashushe mkono. Akaushusha. Mpiga picha akasogea mbele, akasita, akajishughulisha na kamera yake. Phathiswa akaupandisha mkono tena, na wa pili akaupandisha nao.

Picha ipo sebuleni kwa MamTolo mpaka leo. Wageni huuliza kama siku ile bibi arusi alikuwa anaumwa meno, na Nolusapho huwajibu ndiyo, ya pande zote mbili.