Usiku wa Kuamkia Jumatatu

Mama yangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga, na sijaona sababu ya kumkanusha. Kwa hiyo Jumanne ile nilipotoka Tottenham kwenda Wembley, kwenye ofisi za ligi, sikwenda kusalimia watu. Nilikwenda kugomba.

Mimi ni Gladness, daktari wa Lea, timu ya wanawake ya raga ya kulipwa. Jumapili tulikuwa tumeshinda robo fainali. Televisheni ilitaka mchezo uanze watu wakiwa wameshakaa sebuleni, basi kipenga cha mwisho kikalia saa tatu na nusu usiku. Dakika chache kabla ya hapo wachezaji wangu wawili waligongana vichwa wakimkaba mpinzani mmoja. Wa kwanza ni Mwende, nahodha wetu, binti wa Machakos, ambaye picha yake iko ubavuni mwa mabasi ya London. Wa pili ni Poonam, mchezaji wa akiba, mzaliwa wa Wembley, ambaye picha yake iko ukutani kwa bibi yake tu. Niliwatoa wote wawili.

Kanuni ya ligi inasema aliyegongwa kichwa hachezi mpaka zipite siku sita na daktari wake atie saini. Inasema pia kwamba kila timu iliyo kwenye mtoano ipate siku sita kati ya mchezo na mchezo. Jumatatu ratiba ikatoka: nusu fainali yetu ni Jumamosi, saa sita na nusu mchana. Wapinzani wetu walikuwa wamecheza Ijumaa iliyopita. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha, nikarudia mara mbili, damu ikanichemka.

Mkuu wa ratiba pale ligi ni Alnashir, mzaliwa wa Tanga aliyeletwa huku na wazazi wake akiwa na miaka tisa. Sasa ana mvi kichwa kizima, na Kiswahili chake hakijaisha. Alikuwa ameniwekea sahani ya mihogo ya kukaanga kutoka duka la jirani.

"Shikamoo, Mzee Alnashir."

"Marahaba, Dokta. Kula kwanza. Ugomvi haukimbii."

"Nitakula nikimaliza."

Akacheka, akafungua kompyuta. "Jumapili mpaka Jumamosi," akahesabu kwa vidole, "siku sita. System imekubali, broadcaster wa televisheni amekubali. Tatizo liko wapi?"

"Mzee, kwenu Tanga, mtu akifa Jumapili saa tatu na nusu usiku, watu husema amekufa lini?"

Nilimwona akirudi nyuma miaka hamsini kutafuta jibu.

"Usiku wa kuamkia Jumatatu," akasema.

"Basi nasi tumecheza usiku wa kuamkia Jumatatu. Hesabu tena."

Akahesabu. Safari hii kidole cha sita kilibaki hakina kazi. "Hiyo ni hesabu ya nyumbani, Dokta. Huku siku inageuka saa sita usiku."

"Sawa, tuache ya nyumbani na ya huku. Tuhesabu saa, maana saa haina kwao. Siku sita ni saa mia moja arobaini na nne. Sisi mmetupa mia moja thelathini na tano. Wapinzani wetu wana mia moja themanini na tatu. Hiyo ni nusu fainali, au ni kuchinja?"

Nikaendelea nikiwa bado na pumzi. Nilimwambia dawa ni nyepesi: nusu fainali ya pili, iliyopangwa Jumapili saa tisa alasiri, ibadilishane na yetu. Timu zile mbili zilicheza Jumamosi mchana, kwa hiyo zingepata zaidi ya siku sita. Hakuna ambaye angeumia.

"Broadcaster ataumia," akasema Alnashir. "Jumamosi ndiyo slot yenye watu wengi, na watu wanamtaka Mwende." Kisha akaivuta sahani ya mihogo pembeni, akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Dada yangu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tukihesabu kwa tarehe, Mwende anacheza Jumamosi. Tukihesabu kwa saa zako, hachezi. Na mimi siwezi kukuahidi kuwa mchezo utahama. Unaweza kukosa vyote, mapumziko na nahodha. Nenda kafikiri."

Mihogo ilikuwa imepoa. Nilikula vipande viwili kwa hasira, nikaondoka.

Kwenye treni niliogopa, sitaficha. Na niliona aibu, kwa sababu yule mzee alikuwa amenishika pabaya. Nilitaka siku iwe ndefu kwa ligi na fupi kwa Mwende. Nilitaka mizani yenye mawe mawili, nikijiita mtu wa haki.

Jumatano asubuhi nilimwita Mwende kando ya uwanja wa mazoezi.

"Jumamosi hutacheza."

"Aki Auntie, usinifanyie hivyo! Mimi niko fiti. Kichwa hakiniumi hata kidogo. League wenyewe wamesema ni six days. Ni wewe tu unahesabu yako!"

"Nimewaambia wao saa ni saa. Siwezi kukugeukia wewe niseme saa ni tarehe."

"Na tukipoteza?"

"Tutapoteza."

Aliutwanga mpira ukavuka uzio, akaondoka bila kuaga. Miaka minne sijawahi kumwona akiondoka bila kuaga. Poonam alikuwa amekaa kwenye benchi, amesikia yote. Kiswahili cha bibi yake anakielewa neno kwa neno, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Me too, Doc?"

"Na wewe, mwanangu."

Akatikisa kichwa kukubali. Nadhani tangu Jumapili hakuna aliyekuwa amemuulizia.

Nikajaza fomu mbili, maneno yaleyale: hawezi kucheza kabla ya Jumamosi, saa tatu na nusu usiku. Nikazituma ligi kabla ya adhuhuri.

Saa tisa simu ikalia.

"Dokta, mmehamishwa," alisema Alnashir. "Mnacheza Jumapili."

Nilikaa chini. "Wamekubali hesabu ya saa?"

"Wameona fomu. Nusu fainali bila Mwende hawaitaki."

"Na Poonam walimtaja?"

"Poonam yupi?"

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, kisha hasira ikarudi na ndugu zake wote. Nilikuwa nimetetea miili ya wachezaji ishirini na watatu, na ratiba haikusogea hata dakika. Picha moja ya kwenye basi imesogeza siku nzima. Je, kama aliyegongwa angekuwa Poonam peke yake?

"Mzee, chukua kalamu."

"Dokta, umeshinda. Pumzika."

"Chukua kalamu. Andika: siku sita maana yake ni saa mia moja arobaini na nne, zihesabiwe tangu kipenga cha mwisho. Kwa kila timu na kwa kila kichwa."

"Hilo lazima lipite kikao cha Julai. Na broadcaster atapinga."

"Apinge. Litakwenda kwa jina langu peke yake, au na lako?"

Alishusha pumzi ndefu. "Weka langu chini ya lako."

"Linakaa juu. Wewe ndiye mkubwa."

Nikamsikia akicheka, kisha nikaisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Jumapili saa nne asubuhi nilifungua chumba changu cha matibabu pale uwanjani. Mwende alikuwa wa kwanza mlangoni, ameshavaa jezi, uso bado umenuna. Nyuma yake alisimama Poonam, mkoba begani. Nje kamera zilikuwa zinafungwa, na kijana mmoja wa televisheni alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama nahodha amepita kipimo cha kichwa.

"Poonam, ingia," nikasema.

Poonam akatazama nyuma yake kama kuna Poonam mwingine.

"Auntie, mimi ndiye nahodha," alisema Mwende. "Na nimetangulia kufika."

"Na kuuliziwa umetangulia, tangu Jumapili iliyopita. Kaa hapo kwenye kiti, usubiri. Saa zenu ni zilezile."

Mwende alimtazama Poonam, akamtazama yule kijana wa televisheni aliyekuwa akichungulia mlangoni. Kisha akasogea kando, akamshikia mwenzake mlango aingie.