Nishani Iliyomhama Kanali Robinson

Barasa, dereva, aliingia jikoni kunywa chai akiwa na nishani ya kanali kifuani. Jerusha, mtumishi wa nyumbani, alikuwa akipiga pasi koti lile lile ambalo juu yake nishani hiyo hukaa, upande wa kushoto, na mahali pake palikuwa na matundu mawili ya pini.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

"Imekuja yenyewe, Mama Stacy. Nilikuwa kwa simu namwambia mke wangu ukweli, kwamba yule ndama nilimuuza. Kabla sijamaliza, hii hapa."

"Na yeye alisemaje?"

"Bado anasema. Simu nimeiacha kwa gari."

Jerusha alimmiminia chai na kumwonya asiipake nishani mafuta ya mandazi.

Ilikuwa nishani ya ushujaa, ya fedha, na Kanali Robinson hakuipata kwa ujanja. Tusimwonee. Akiwa kijana katika jeshi la Uingereza alivuka daraja risasi zikinyesha, akamkuta mwenzake ameumia, akambeba mgongoni na kurudi naye daraja lile lile. Sasa amestaafu, anaishi kwenye jumba mtaani Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, na kazi yake ni kumshauri tajiri mmoja aitwaye Yassir, mwenye kampuni ya walinzi. Jumba ni la Yassir. Gari ni la Yassir. Jerusha na Barasa nao, kwa mujibu wa ikama zao, vibali vya ukaazi, ni wa Yassir, maana ndiye kafili wao, mdhamini aliyewaleta.

Siku zilizofuata nishani ilizurura bila haya. Ilionekana kwa paka wa jirani aliyekataa kuliondokea njiani lori la maji. Ilionekana kwa fundi bomba aliyekiri kwamba bomba aliliharibu mwenyewe. Ikapotea kabisa, na Barasa akatumwa kuitafuta. Aliikuta mtaani Batha, kwenye kibanda cha kinyozi wa Kipakistani aliyemwambia mteja wake mkubwa, kwa upole, kwamba hapakuwa na nywele za kunyoa. Mteja alikuwa ameondoka na hasira zake. Kinyozi aliirudisha nishani bila ubishi, na Barasa akanyolewa papo hapo ili safari isiwe ya bure.

Kanali aliipokea, akaipangusa na kuibana kotini. "Asante sana, Barasa," alisema kwa Kiswahili alichojifunza Nanyuki alipokuwa luteni. Alikuwa mtu wa adabu. Hakuwahi kumpigia mfanyakazi kelele, na kila Krismasi alimpa Jerusha kitambaa cha kichwa.

Basi Jerusha akapata moyo. Stacy, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Kitale mwisho wa mwezi, na pasipoti ya Jerusha ilikuwa ndani ya sefu, nyuma ya meza ya kanali. Maneno alikuwa ameyafanyia mazoezi akikatakata vitunguu hata vitunguu vikayazoea. Alivua aproni, akabisha hodi ofisini.

"Bosi, naomba pasipoti yangu niende nikamwoze mtoto wangu. Nitarudi."

Kanali aliangalia dirisha. Alisema lilikuwa ombi la haki kabisa. Ila sefu hakuweza kuifungua mpaka Yassir aseme ndiyo, na kumuuliza Yassir wakati huu, mkataba wake mwenyewe ukingoja kusainiwa, lingekuwa jambo gumu kidogo.

"Ni swali moja tu, bosi."

"Ndiyo, ndiyo. Swali moja," alisema kanali, na nishani ikabanduka kifuani pake na kwenda kutua kwa Jerusha.

Hapo ndipo ilipoamua kukaa. Kanali aliishonea kotini kwa uzi wa kuvulia samaki, na asubuhi ikawa kwa Jerusha. Akaibandika kwa gundi ya meno ya bandia, na kabla ya kifungua kinywa ikawa kwa Jerusha, ikinukia mnanaa. Jerusha aliona raha ambayo hakuitarajia. Alipika chapati akiimba. Alikwenda dukani kununua maziwa, na mwenye duka akasimama kumpokea.

Ila kulikuwa na karamu Jeddah. Yassir alikuwa amewaalika wateja wake wakubwa waje kumwona shujaa, na shujaa bila nishani ni mzee tu aliyevaa koti. Kanali akakata shauri kwenda na Jerusha, asimame ubavuni pake, karibu kiasi kwamba kwenye picha isijulikane kifua ni cha nani. Uwanja wa ndege mashine ya ukaguzi ilipiga kelele, na yule mama askari alipoona kilichoiamsha alimbusu Jerusha mashavuni. "Mabruk," alimpongeza. "Yalla, pita."

Jeddah ilikuwa na joto la kunata, na ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Wageni walipakuliwa samaki na wali. Kanali alisimulia daraja lake, na alilisimulia vizuri, mpaka Jerusha aliyelisikia mara nyingi akajikuta ameshika mdomo. Yassir alikuwa mtu wa vicheko na tumbo la furaha. Aliinuka macho yakiwa maji.

"Kanali," alisema, "usiku huu niombe chochote. Wallahi nitakupa."

Nishani ikajifungua pini. Ilitoka kwa Jerusha, ikapaa juu ya meza pole pole, ikawapita samaki, ikapita mabakuli ya achari, na wageni wakainamisha vichwa kuipisha. Ilisimama hewani mbele ya kifua cha kanali, pini wazi, ikingoja. Sema, Jerusha alimwomba kimoyomoyo. Sema, baba, ni neno moja.

Kanali alivuta pumzi kama mtu aliye mwanzoni mwa daraja.

"Naomba limau," alisema. "La samaki."

Nishani iligeuka na kurudi ilikotoka. Wageni walipiga makofi, kwa maana ilikuwa imepaa vizuri mno, na Yassir, mtu wa kutimiza ahadi, akaagiza sinia zima la malimau.

Jerusha hakungoja yafike. Alisogea mbele na kusema kwa Kiarabu chake cha jikoni: "Baba Yassir, binti yangu anaolewa. Nataka pasipoti yangu."

Yassir alimtazama kwa huruma ya kweli. "Inshallah, inshallah. Lakini mambo ya nyumbani ni ya kanali. Muulize yeye."

"Tutaliongea Riyadh," alisema kanali.

Wakati huo juu ya utepe wa nishani kilichomoza kijipande cha fedha, chembamba, kinang'aa. Kanali, aliyezijua taratibu hizi, alikisogelea na kuvaa miwani. "Hicho hutolewa kwa aliyestahili mara ya pili," aliwaeleza wageni. "Ni nadra sana." Wakapanga foleni kupigwa picha na Jerusha.

Riyadh hawakuliongea.

Siku ya harusi Jerusha alisimamisha simu ya video juu ya kabati la jikoni, na Barasa akajipanga nyuma yake na tai shingoni. Kitale kulikuwa na jua, na hema lilijaa. Mwongozaji wa sherehe alimwomba mama wa bibi harusi asimame watu wamwone. Jerusha alikuwa amesimama tangu alfajiri, kwa hiyo alinyoosha mgongo tu. Vigelegele vilipigwa mpaka kioo cha simu kikatikisika. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaruka ruka kwa kandambili kwenye vigae vya Yassir.

Kanali aliingia kuulizia chai. Aliiona nishani na kile kijipande chake, akaona na machozi, na miguu yake ikakumbuka desturi. Alisimama wima, akapiga saluti.

"Mum," Stacy aliita kwa simu, "huyo mzungu anakufanyia nini?"

"Ananiheshimu."

"Aa. Na pasipoti?"

Jerusha alimgeukia kanali. Kanali naye alimtazama, na macho yake yalikuwa yamelowa sawasawa na ya Jerusha. Jerusha akaweka maji motoni. Mkono wa kanali ulibaki kwenye paji la uso, imara, bila kutetemeka, mpaka chai ilipokuwa tayari.