Mikono Nyuma

Mimi sina subira, na asitokee mtu kunisingizia kwamba ninayo. Miaka yote niliyofundisha ushonaji, mwanafunzi akipinda mshono nilimnyang'anya kitambaa nikaunyoosha mwenyewe, yakaisha. Basi cherehani zilipoondolewa shuleni kwetu na mahali pake zikaletwa kompyuta, Mwalimu Mkuu aliangaza macho chumba cha walimu, akanikabidhi funguo. "Wewe umezoea mashine," akasema. Ndiyo kumwambia mwendesha baiskeli arushe ndege.

Nilihangaika, jamani. Nilikuwa naandika programu ubaoni, watoto wananakili, kisha tunahamia kwenye kompyuta, na kila anayekwama namrukia na kumpokonya kipanya. Ndiyo maana wakanipachika jina la Paka. Nililisikia, nikajifanya kiziwi.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu. Anafundisha kompyuta shule ya upande wa pili wa mji, na kila Jumamosi huwakusanya walimu wa somo hilo kutoka shule za jirani wanoane. Sasa, kumwomba wifi msaada si mchezo. Huyu ndiye aliyetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba chai yangu ni maji yaliyooshewa vikombe. Lakini mficha uchi hazai. Nikafunga kibwebwe nikaenda.

Kikao chao kina sheria moja tu: anayemsaidia mwenzake haigusi kompyuta yake. Atauliza maswali, mikono nyuma, basi. Siku yangu ya kwanza mwalimu wa jiografia, naye kasukumiwa somo hili kama mimi, alikwama karibu yangu, na mkono wangu ukaondoka wenyewe. Wifi akaudaka hewani.

"Wifi, ukimshonea atavaa leo. Mwachie sindano."

"Usinifundishe habari za sindano," nikamjibu. Lakini lile neno lilinikaa, na nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata.

Nikaipeleka sheria hiyo darasani. Niliwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba humu ndani hakuna kugusa kompyuta ya mwenzako, hata mimi sigusi. Walicheka. Waliponiona napita katikati ya madawati, mikono mgongoni, meno nimeyauma, wakaacha kucheka wakaanza kufikiri. Na hapo, sitawaficha, nikalipenda somo lile kuliko nilivyowahi kupenda cherehani.

Kumbe Mkuu alikuwa na lake. Alikwisha kusikia habari za kunakili ubaoni, hakusikia kwamba tumeacha. "Kunakili wanaweza kunakilia popote," aliniambia. "Jumatano nitakuja kuona kipindi. Nikikuta mambo ni yale yale, kompyuta zinakwenda shule nyingine, na chumba kinakuwa cha walimu kunywea chai." Usiku ule sikula. Wifi aliposikia, alisema atakuja kuketi nyuma ya darasa, nisijione peke yangu.

Jumatano Mkuu akaingia, na nyuma yake seremala, futi mkononi, aje kupima kabati za vikombe. Yaani hukumu ilikuwa imeshaandikwa. Nikajikaza kisabuni.

Kwenye programu yetu kuna kasa mdogo wa kwenye skrini. Ukimwambia aende, anakwenda na kuacha mstari. Ukimwambia ageuke, anageuka. Nilipanga nimchoreshe pembetatu ya pande sawa, kisha aizungushe mpaka iwe ua. Nyumbani nilijaribu mraba: kila pembe digrii tisini, kasa akageuka tisini, safi. Pembetatu niliidharau.

"Pembe zake ni digrii sitini," nikasema kwa mbwembwe, "kwa hiyo kasa aende, ageuke sitini, mara tatu." Nikabonyeza.

Kasa akaenda, akageuka, akaenda, akageuka, akaenda, akageuka, akasimama. Kwenye skrini kikabaki kitu kama bakuli, mdomo wazi.

Nilimtazama wifi, aliyeketi nyuma ya darasa. Akanitazama, akaweka mikono nyuma. Nilitamani kumrarua. Lakini nilijua anasema nini, nikaiondoa mikono yangu kwenye kompyuta, nikaifunga mgongoni.

"Kasa wa mwalimu amepotea," nikawaambia watoto. "Nani atamrudisha?"

Akainuka binti mmoja ambaye wenzake humwita Kimya. Hakwenda kwenye kompyuta. Alisimama katikati ya chumba, akatembea hatua chache, akageuka sitini kwa kukadiria, akaendelea. Akajikuta anaelekea mlangoni.

"Nageuka kidogo mno," akasema. "Kwa mwendo huu nyumbani sifiki."

Mkuu alisomea hesabu. Uso wake ulishaonyesha kwamba jibu analo, na hakuweza kulizuia. "Nipisheni, hiki ni kitu kidogo," akasema, akanyoosha mkono kwenye kompyuta yangu.

"Samahani, Mwalimu Mkuu," akasema Kimya. "Mikono nyuma. Ndiyo sheria ya humu."

Nikaona kibarua changu kinaota nyasi. Mkuu alinigeukia, nami nikageuka nimwonyeshe mikono yangu ilipo. Akamtazama wifi, naye vile vile. Taratibu, Mkuu akarudisha mkono wake, akaufumbata na mwenziwe mgongoni.

"Haya," akasema. "Ukiwa hapo konani, ulikuwa unatazama wapi? Na ukitaka kurudi, utazame wapi?"

Kimya akasimama, akaanza kugeuka. Akapita sitini, akapita robo ya duara, akazidi kugeuka mpaka karibu ape kisogo kule alikokuwa anakwenda. "Kasa hageuki pembe ya ndani," akasema polepole. "Anageuka ya nje. Mia na ishirini."

Nikaiandika mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Bakuli likafunga mdomo. Kisha kila mmoja akataka ua lake, na kelele zilizoanza hapo ni za furaha, sikuzinyamazisha. Mkuu alizunguka meza hadi meza, mikono nyuma, anauliza maswali. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka, hata yeye.

"Mkuu," seremala akaita kutoka mlangoni, "hizo kabati nipime ukuta upi?"

"Kabati za nini?" Mkuu hata hakugeuka. "Pima viti. Huoni watoto wamebanana?"

Jioni wifi alikuja kwangu. "Leo nakunywa hata chai yako," akasema. Nikabandika maji, na furaha ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Sijamaliza kutia majani, nikaona mkono wake unaelekea kwenye kopo, aongeze.

"Wifi," nikamwambia, "mikono nyuma."