Kidole Kisichokunjwa

Treni ilikuwa imeshaliacha jukwaa la Taitung na inazidi kushika kasi kwenda kaskazini, nami bado nimesimama kwenye njia ya behewa nikitafuta pa kuweka mfuko wangu. Pei-ru akanivuta mkono wa shati.

"Mjomba, kaa chini. Mawe yako hayakimbii."

Mimi si mjomba wake wa damu. Baba yake, marehemu Chuang, nilichimba naye mawe ya buluu kwenye Mlima Dulan, kabla machimbo hayajaporomoka yakafungwa. Alipofariki niliendelea kupita kwao kila nilipokuwa njiani, na mimi njiani ndiko kwangu. Nimekaa mahali pengi, pengine msimu mzima, pengine mlo mmoja tu. Kwa Chuang ndiko nilikorudi mara nyingi kuliko kwingine kote. Basi binti alipochumbiwa na kijana wa Hualien, Tsou Ching-hao, akaja kuniomba jiwe la pete, sikuwa na la kufikiri. Nilikuwa nalo moja tulilolitoa mimi na baba yake, buluu ya maji ya kina, nimelifunga ndani ya soksi miaka yote.

Alikuwa ameichora pete yake nyuma ya karatasi ya kufungia chakula. Hakutaka ya dukani, ya almasi, kama za wenzake wote. Jiwe la buluu katikati, vijiwe viwili vya kijani vya machimbo ya Fengtian ubavuni, kimoja huku, kimoja huku. Akaniwekea mkono mbele ya uso, akainua kidole cha kati. Fundo la kidole kile lilikuwa nene, fundo la baba yake hasa.

"Nataka ibane," akasema. "Ikifika hapa ikwame yenyewe, hata nisijisumbue kukunja."

Kwetu siku ya uchumba bwana humvisha bibi pete kidole cha kati, na bibi hukikunja kidole kidogo, pete isifike shinani. Ikifika shinani, wanawake husema, basi mama mkwe amekushika mpaka mwisho. Watu hulicheka jambo hili, na mpiga picha hulisubiri ili naye acheke. Lakini sijaona mama aliyemketisha binti yake kwenye kiti cha uchumba bila kumnong'oneza: kunja.

Nikamuuliza mama mkwe ana ubaya gani. Akasema hana. Anamletea supu. Anampigia simu kila asubuhi kumuuliza amelalaje, na hakati simu mpaka aambiwe. Chumba chao wameshatayarishiwa, cha ghorofa ya tatu, chini ya paa wanapoanika nguo, na mapazia yamo tayari, hakuulizwa rangi. Aliyasema hayo akitazama nje. Mvua ilikuwa imeanza, na milima upande wa kulia ilikuwa na rangi ya bati kuukuu.

Sonara wetu alikuwa Weng, duka lake jembamba kama kabati, nyuma ya soko la Hualien. Aliponiona akashusha miwani.

"Bado hujafa, we mzururaji?"

"Nilipita makaburini, wakaniambia nafasi zimejaa."

"Hawakutaka fujo tu."

Alipoliona jiwe mzaha ukamwisha. Alilitia kwenye bakuli la maji akaligeuzageuza, akasema jiwe la namna hii hana hakika kama ataliona tena. Akamimina vijiwe vya kijani kwenye sahani, Pei-ru akawa anavichagua kwa ncha ya kucha, anavipanga kandokando ya lile la buluu, anavitoa, anarudisha. Baba yake alikuwa akichagua mawe hivyohivyo, ulimi umetoka kidogo kwenye pembe ya mdomo. Nilifurahi kumtazama.

Ndipo Ching-hao akaingia, na mama yake nyuma. Ching-hao alikuwa kijana mpole, wa kushikia watu mwavuli mpaka yeye mwenyewe alowe bega. Mama Tsou alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nadhifu, sauti ya chini kiasi kwamba lazima umsogelee umsikie. Akauchukua mkono wa Pei-ru akaukalisha juu ya kiganja chake. Kisha akalibonyeza lile fundo kwa kidole gumba, taratibu, huku na huku, kama mtu achaguaye mapera sokoni.

"Binti yangu," akasema, "mikono yako imefanya kazi. Vizuri sana."

Akautazama mchoro. Akasema unapendeza, ila rangi zake ni za baridi, buluu na kijani, utadhani mtu anazama. Akatoa kitambaa kwenye mkoba, akakifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na kijiwe cha marijani, chekundu cha damu, hakizidi punje ya mahindi.

"Upande mmoja weka kijani. Upande wa pili weka hiki. Kimeshaizoea nyumba yetu."

Nilimwona Weng anarudisha mikono chini ya meza. Hakukigusa. Ching-hao alikuwa anatazama pikipiki zinazopita barabarani.

"Kilikuwa cha nani, mama?" Pei-ru akauliza.

"Cha nyumbani."

Pei-ru alimtazama mchumba wake, mchumba akaendelea na pikipiki zake. Akasema basi, mama akipenda, na iwe hivyo. Nilijua hakupenda, maana aliiacha ile sahani ya vijiwe bila kumaliza kuchagua. Akanyoosha mkono apimwe kidole. Weng akampima, akaandika namba aliyoitaka binti mwenyewe, ya kubana. Wakaondoka watatu kwenda kunywa supu. Mimi nikabaki, nikasema nitawafuata.

Hawajafika mbali Mama Tsou akarudi peke yake. Alikuwa amesahau kitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kigoda na mfuko wangu, na mtu kama mimi ni sehemu ya vyombo vya duka, kwa hiyo hakujali kama nasikia.

"Ipanue," akamwambia Weng. "Ipite fundo hata akikunja. Ya yule wa kwanza ilipita vizuri, hii isituaibishe."

Weng akaitika kwa kichwa. Marehemu Bwana Tsou ndiye aliyemfundisha usonara, alimtoa mtaani akamlisha mezani kwake, na mpaka leo Weng hupeleka ubani kwenye madhabahu ya nyumba ile kila sikukuu. Hajawahi kumwambia mjane yule hapana.

Mama akikunja kitambaa chake akaongeza kwamba mvua hii ni nzuri kwa mboga. Akatoka.

Nikamuuliza Weng yule wa kwanza ni nani. Akawa anafuta meza isiyo na vumbi. Halafu akanieleza, na aliyoyasema nayaweka hapa kwa ufupi kama alivyoyasema.

Kaka mkubwa wa Ching-hao alikuwa na mke, Hui-wen. Pete yake ya uchumba Weng ndiye aliyeitengeneza, ya kijiwe kimoja cha marijani, kilekile. Siku ya uchumba ilifika shinani. Baadaye yule mwanamke alivimba mikono, kwa maradhi au kwa nini Weng hajui, na pete ikawa imezama nyamani. Akaja dukani akamwomba aikate. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, akasema kwa sauti ileile ya chini kwamba kukata pete ni kuipasua nyumba, na mwaka mpya umekaribia, angojee upite. Weng akarudisha koleo. Hui-wen akasema asante, mjomba, samahani kwa usumbufu. Mwaka mpya haujafika, alianguka kutoka juu ya paa, pale wanapoanika nguo. Walisema aliteleza, kulikuwa na mvua. Pete Weng aliikata baadaye, kwenye chumba cha maiti, kwa sababu mama alikitaka kijiwe.

"Na huyu mdogo anajua?" nikamuuliza, maana yangu Ching-hao.

"Alikuwa amesimama palepale ulipokaa."

Nikaondoka kigodani.

Sikumficha Pei-ru. Nilimwambia yote jukwaani tukingoja treni ya kurudi, la marijani, la Hui-wen, la pete kupanuliwa. Nilidhani atalia au atanibishia. Akawa anakisugua kile kidole.

"Ching-hao aliniambia mke wa kaka yake alikwenda zake," akasema. "Nikaelewa aliachika."

Nikamwambia nitarudi kwa Weng kesho, jiwe ni langu, nitalichukua na ya pete yaishe.

"Hapana, mjomba. Mwache aifanye kubwa kama alivyoagizwa, na chekundu chake kimo."

"Ya nini?"

"Mama nimeshamwona. Sasa nataka kumwona Ching-hao."

Sikumwelewa. Siku zilizofuata nyumba yao ilijaa mabunda ya keki za uchumba zilizoletwa na akina Tsou, jamaa wanapokea, majirani wanapokea, mama yake anapiga simu hata kwa watu waliohama zamani. Kila nikimtazama Pei-ru nilikiona chumba kile cha ghorofa ya tatu na mapazia yake. Sikuweza kulala vizuri, na mimi hulala popote, hata kituoni.

Siku yenyewe akina Tsou walikuja na magari sita yaliyofungwa utepe mwekundu. Kwa kuwa mama yake Pei-ru hana kaka, mimi ndiye niliyesimama mahali pa mjomba, nikawasha mishumaa mbele ya picha ya Chuang. Mmoja ulikataa kushika moto, nikaurudia. Wanawake waliona, wakajifanya hawakuona.

Pei-ru akawapa wageni chai tamu, akarudi akaketishwa kwenye kiti kirefu, miguu juu ya kigoda, uso unatazama mlangoni. Ching-hao akapiga goti moja na pete mkononi. Nakiri Weng alikuwa ameitengeneza vizuri. Lile la buluu liliuvuta mwanga wote wa chumbani, kijani upande mmoja, na upande wa pili lile tone jekundu.

Wanawake wa upande wetu wakaanza kunong'ona, kunja, kunja. Mama yake alikuwa mlangoni mwa jikoni, naye midomo inamcheza bila sauti.

Pei-ru hakukunja. Alikinyoosha kidole kikawa kama mshumaa. Pete ikaingia, ikalipita fundo la Chuang bila kuligusa, ikashuka mpaka shinani kama ndoo kisimani. Mnong'ono ukakatika. Mama Tsou alifumba macho kidogo, kama mtu aliyemeza kitu cha moto kitamu.

Akainuka na mkufu wa dhahabu wa kumvisha mkwe wake. Alipokuwa anaushika nyuma ya shingo ya Pei-ru, Pei-ru akaushusha mkono pembeni mwa kiti, vidole vikaelekea chini, akavilegeza. Pete ikadondoka sakafuni. Ilidunda mara moja. Kile chekundu kikapasuka, kipande kimoja kikabaki kwenye pete, kingine kikaviringika chini ya kiti.

Kito kupasuka siku ya uchumba ni mkosi ambao watu hata hawataki kuutaja. Mpiga picha alishusha kamera yake.

Ching-hao akanyoosha mkono aiokote.

"Ngoja," Pei-ru akasema, taratibu tu. "Kwanza niambie hicho chekundu kilikuwa cha nani."

Kijana yule alikuwa bado amepiga goti. Pale neno moja lingetosha, hata Pei-ru nadhani alikuwa anamwombea alipate. Akageuza shingo kwa mama yake.

"Mama," akasema, "nimwambie?"

Mama Tsou aliinama, akakitafuta kile kipande chini ya kiti kwa vidole, akakiweka kwenye kitambaa chake. Akasema ni kijiwe tu, sonara atakitengeneza, tuendelee na shughuli, wageni wana njaa.

Pei-ru akaufungua mkufu shingoni mwake mwenyewe, akauweka juu ya kigoda, akashuka kwenye kiti.

"Waandalieni wageni chakula," akamwambia mama yake. "Kisha waende salama."

Akina Tsou hawakula. Magari yao yaligeuza kwenye shamba la jirani, yakauharibu mchicha wake wote.

Keki zilizokwisha kuliwa hazikurudishwa, zawadi zilirudishwa zote. Pei-ru anaishi Dulan na mama yake, wana nyumba ya kulaza wageni. Hajaolewa. Jiwe la buluu lilitolewa kwenye ile pete na limo kwenye droo ya jikoni, pamoja na vifungulio vya chupa. Weng alilitoa yeye mwenyewe, akaomba samahani, akafunga duka muda mfupi baadaye. Sasa ni mgonjwa wa macho, anamtegemea dada yake. Bado hupeleka ubani. Kaka mkubwa wa Ching-hao yuko Kaohsiung na harudi. Mama Tsou ni mzima.

Ching-hao alioa mwaka uliofuata, binti wa mji wa Yuli. Jina lake silijui. Nilimwona mara moja kwenye soko la Hualien anachagua mapera, mama mkwe amemshikia kikapu. Pete yake ina kijiwe kidogo chekundu, kimekatwa upya, na imefika shinani.