Sili Kuukuu

Mafuta yaliyotoka ndani ya mota yalikuwa meupe kama maziwa. Bi Thuwaiba aliyakinga kwa kopo, akayatazama, halafu akalisukuma kopo pembeni kwa mguu. Mafuta ya pampu yakigeuka meupe, maji yashaingia. Na maji yenyewe yalikuwa ya vyoo vya mtaa mzima wa bondeni, nyuma ya maduka ya Mlandege, mtaa aliokuwa akiishi yeye mwenyewe.

Alikuwa amekaa mkekani, mlango wazi, mota baina ya miguu yake. Waya za shaba zilikuwa zimeungua na kugandana. Alizikata kwa patasi na kuzing'oa kidogo kidogo. Nyumba nzima ilinuka, lakini hakukuwa na wa kulalamika. Kusuka mota, yaani kuizungushia waya mpya, alifunzwa na mumewe, Ubwa, aliyekuwa fundi wa pampu wa idara ya maji machafu. Mwanzo alikuwa akimshikia waya tu. Baadaye Ubwa akawa anamwachia mota nzima, maana mikono ya mkewe ilikuwa na subira kuliko yake. Watoto hawakujaaliwa. Jioni walikaa wawili, mmoja anasuka, mwengine anahesabu mizunguko kwa sauti. Sasa alihesabu mwenyewe kimoyomoyo, na akipotea hakuna wa kumkumbusha. Huifumua akaanza upya.

Ubwa alifia ndani ya shimo la pampu hiyohiyo. Idara ilisema moyo ulisimama. Waliomtoa walimnong'oneza mkewe kwamba umeme ulikuwa haukuzimwa, na kwamba alipoigusa pampu alikakamaa wala hakuwahi kupiga ukelele. Walinong'ona kwa sababu na wao walikuwa na kazi zao. Kwenye eda nyumba ilijaa wanawake. Eda ilipokwisha, walipungua mmoja mmoja, mpaka ikawa siku zinapita hajasikia hodi. Watu walisema nyumba ile inanuka varnishi na mavi. Hawakusema uongo.

Bwana Badar, mkubwa wa pampu pale idarani, alikuja siku ya pili. Alisimama kizingitini, leso puani, akauliza mota itakuwa tayari lini, kwa sababu wageni wa wafadhili wangekuja kutazama mradi na mtaa haufai kuonekana vile. Bi Thuwaiba alimwambia waya zimeshasukwa, imebaki varnishi ikauke. Tatizo ni sili, zile raba mbili zinazozuia maji yasiingie kwenye mota. Zimekwisha. Zikirudishwa hizo, maji yataingia tena, na safari hii umeme utapita kwenye chuma mpaka majini.

"Rejesha zizo hizo," Bwana Badar alisema.

"Zishalika. Tazama."

Hakutazama. "Nnajua."

Bi Thuwaiba aliweka chini raba aliyokuwa amemnyooshea.

"Mpya zishaombwa tangu mwaka juzi," Bwana Badar aliendelea, kwa upole. "Nikizingoja, watu wataogelea majumbani mwao. Funga, Bi Thuwaiba. Ikiungua tena tutakuletea tena."

"Na atakayeshuka?"

"Hashuki mtu umeme unawaka. Ndiyo sheria."

Alitaka kumuuliza sheria hiyo ilikuwa wapi siku ya Ubwa. Lakini Bwana Badar alikuwa ameshageuka, anapandisha suruali kuruka dimbwi.

Aliamua kwamba hatafunga. Aliifunika mota kwa khanga kuukuu, akakaa, akasikiliza sauti za watu wanaochota maji machafu kwa ndoo.

Alasiri ilipigwa hodi. Moyo wake uliruka kwa furaha, akainuka mbio kuandaa kiti. Alikuwa Rahila, jirani wa mlango wa tatu, buibui limepandishwa mpaka vifundoni. Maji yalikuwa yamepanda kupitia chooni mpaka chumba alicholala mama yake, ambaye hawezi kuinuka. Kitanda wamekiweka juu ya matofali. Alisema kila mtu anajua mota iko hapa. Bi Thuwaiba alimkaribisha chai. Rahila alisema siku nyengine, akatazama kilichofunikwa khanga, akaenda zake.

Usiku haujaingia alikuwa amezirudisha sili kuukuu. Alizipaka grisi nyingi, kama mtu anayepaka dawa kidonda cha maiti. Alipopima, mita ilionesha mota ni nzima. Nzima kwa leo.

Pampu ilishushwa shimoni, maji yakanywea. Wanawake walisugua sakafu, wanaume wakamshika mkono Bwana Badar, wageni wakapiga picha. Nyumbani kwa Bi Thuwaiba hakubisha mtu.

Baada ya wiki kadhaa alikuwa akitoka sokoni alipopita karibu na shimo, akasikia muungurumo umebadilika, mzito, kama mtu anayekoroma kwa mafua. Mfuniko ulikuwa wazi. Ndani, kwenye ngazi ya chuma, alisimama kijana, maji yakimkaribia magoti, anang'oa matambara yaliyoziba wavu wa pampu.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba. Umeme umezimwa?"

"Boksi la umeme limefungwa. Ufunguo anao Bwana Badar, kaenda mkutanoni. Kasema pampu isisimame, maji yatarudi majumbani."

"Toka, mwanangu. Mota inavuja, umeme utaingia majini."

"Nkitoka atamtia mwengine." Hakusema kwa ubishi. Jina lake Makungu, alisema, kwao Mkokotoni, na ndiyo kwanza kapata kibarua.

Bi Thuwaiba alilijaribu boksi kwa mikono miwili. Kufuli halikutikisika. Aliwaita wanaume waliokuwa barazani. Mmoja alimjibu kwamba pampu ikizimwa watahama wao wenye watoto, siyo yeye. Hapo palikuwa na kamba. Alimtupia Makungu, akamwomba ajifunge kiunoni ili umeme ukimshika amvute, na Makungu akajifunga, kwa kumridhisha mtu mzima.

Yeye alikaa ukingoni, miguu juu ya ubao, ncha ya kamba kaizungusha kiganjani. Watu walipita wameziba pua. Rahila alipita upande wa pili, akainamisha kichwa kwa salamu bila kusimama.

"Utangoja mpaka nmalize?" Makungu aliuliza kutoka chini.

"Nipo."

Kamba ilikuwa kavu pale mkononi mwake, na kamba kavu haipitishi umeme. Kule chini ilikuwa ishalowa, na unyevu ulikuwa unapanda, uzi kwa uzi, kuelekea vidoleni. Bi Thuwaiba aliutazama. Hakuiachia.